Kabla Hujamlipa Wakala: Namna Muuguzi wa Dar Anavyoweza Kulisoma Soko la Majuu

Tangazo hubadilika rangi tu. Mara lina bendera ya Uingereza, mara ya Ujerumani, mara picha ya muuguzi wa Kizungu anayecheka na stethoskopu shingoni, na chini yake: "Wauguzi wanahitajika haraka, mshahara mnono, nyumba bure." Linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wauguzi kuanzia Mbagala hadi Bunju, na likipita tu, mtu ananitumia: "Mama, hili ni la kweli?" Mimi ni inchaji wa wodi ya upasuaji katika hospitali moja ya hapa mjini, na miaka ya 2000 niliwahi kufanya kazi Birmingham, basi watu wanadhani nawajua mawakala. Siwajui. Ninalolijua kidogo ni soko, na nitaeleza hapa namna ya kulisoma kabla hujatoa hata shilingi.

Muuguzi akiota kwenda majuu, swali lake la kwanza ni mshahara kiasi gani. Tutafika huko. Lakini nenda Feri alfajiri umwangalie mchuuzi mzoefu: haulizi bei kwanza, anatazama boti ngapi zimeingia. Samaki wakijaa, bei imeshaanguka kabla mnada haujaanza. Na hapa wanaoingizwa na boti ni sisi.

Anza kwa kuuliza kwa nini wanakuhitaji

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya uuguzi mwaka 2025. Inasema duniani kuna wauguzi milioni 29.8, na pengo ni la milioni 5.8. Muuguzi mmoja kati ya 7 anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa, na katika nchi tajiri wageni ni asilimia 23. Kwa hiyo usijione unaenda kuziba tundu dogo. Wodi nyingi za huko zingesimama bila wageni.

Ila "upungufu" una sura mbili. Kuna mahali wauguzi hawapo kabisa. Na kuna mahali wapo, wana leseni, lakini wamechoka na zamu za usiku na wagonjwa wengi, wakahamia kliniki za mchana, bima, shule, au wameacha kazi. Hospitali ya aina ya pili ina njia mbili: iongeze mshahara na kupunguza wagonjwa kwa kila muuguzi, au ilete mtu wa mbali ambaye viza yake imefungwa kwa mwajiri mmoja. Njia ya pili ni ya haraka na ya bei nafuu. Ukiijua hiyo mapema, utaelewa kwa nini utapangiwa nyumba ya kulelea wazee na zamu ya usiku wa Jumamosi wakati mwenzako mwenyeji yuko kwao.

Je, tunawashushia wenyeji mishahara? Swali hili hubishaniwa sana, na majibu mepesi yote mawili hayafai. Wachumi wawili, Patricia Cortés na Jessica Pan, walitoa utafiti mwaka 2014 kuhusu miji ya Marekani. Waliona kwamba katika kipindi cha miaka 10, kwa kila muuguzi mgeni aliyeingia mjini, wauguzi wenyeji waliokuwa kazini walipungua kwa mmoja hadi wawili. Sehemu ya maelezo ni kwamba hata waliokaa kwenye mtihani wa leseni walipungua: vijana wa pale walichagua fani nyingine. Wageni wanajaza nafasi, wenyeji wanaacha kusomea, halafu wageni wanahitajika tena. Lakini watafiti haohao walionyesha mahali pengine kwamba wauguzi wa Kifilipino Marekani wanalipwa vizuri kuliko wenyeji wanaofanana nao, na wakaona sababu ni ubora wa wale wanaofanikiwa kuondoka kwao.

Halafu itazame California. Imejaa Wafilipino wodini, na bado ndiyo inayolipa wauguzi kuliko majimbo yote: wastani wa zaidi ya dola 130,000 kwa mwaka, wakati South Dakota ni chini ya 75,000. Maisha California ni ghali, sawa, lakini kule kuna vyama vya wauguzi vyenye meno, na tangu 2004 kuna sheria inayoweka kikomo cha wagonjwa kwa muuguzi. Wodi ya kawaida ni wagonjwa 5. Niliposimulia hilo kwenye kikao cha makabidhiano ya zamu, mmoja aliuliza kama ni 5 au 50.

Basi swali la kumtumia mwajiri wa nje, kabla ya lile la mshahara, ni hili: zamu ya usiku, muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa wangapi? Na je, wauguzi wa hapo wana chama? Akikujibu kwa namba, endelea naye. Akikujibu kwa picha za jengo, tafuta mwingine.

Mlango hufungwa, na una dalili zake

Nilifika Uingereza wakati wanachukua wauguzi kwa mikupuo. Wodini kwetu kulikuwa na Wafilipino, Wazimbabwe, Wahindi na sisi wachache wa Afrika Mashariki. Mwaka 2006 serikali ikaondoa wauguzi wa kawaida, wa bendi 5 na 6 (ngazi zao za mshahara), kwenye orodha ya kazi zenye upungufu. Vyuo vyao vilikuwa vimeongeza wahitimu, bajeti za hospitali zimebana. Kuanzia hapo mwajiri alitakiwa kutafuta kwanza Mwingereza au mtu wa Ulaya. Wenzetu ambao vibali vyao vilikuwa ukingoni walianza kuuliza habari za Australia kwenye chumba cha chai, kwa sauti ya chini, huku wakiendelea kuandaa dawa za saa nne usiku. Oktoba 2015 wauguzi wakarudishwa kwenye orodha. Mwaka 2020 ikaja viza maalumu ya afya, yenye ada nafuu, na watu wakamiminika.

Sasa hivi upepo umegeuka tena. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, wauguzi wapya kutoka nje waliojisajili Uingereza walipungua kwa karibu theluthi. Wahitimu wao wenyewe walianza kulalamika kwamba hawapati kazi, na Agosti 2025 serikali ikaahidi kuwatafutia nafasi. Mpango wao wa afya wa miaka 10 unataka ifikapo 2035 wanaotoka nje wawe chini ya asilimia 10 ya wanaoajiriwa. Na Julai 2025 walifunga njia ya viza kwa wahudumu wapya wa nyumba za wazee kutoka nje. Kama wakala anakuuzia hiyo leo, anakuuzia hewa.

Dalili za kutazama, basi. Sikiliza wahitimu wa nchi ile wanasema nini: wakilia kukosa ajira, jua mgeni ndiye atakayekatwa kwanza. Angalia kama serikali imeongeza nafasi za vyuo miaka mitatu iliyopita, maana hao ndio wanaofika wodini sasa. Angalia bajeti. Magazeti yao yako wazi kwenye simu yako, na bando la kusoma habari ni dogo kuliko ada ya wakala.

Marekani nayo ina historia hiyohiyo. Walikuwa na viza ya muda ya wauguzi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1989, ikaisha 1995. Wakaanzisha nyingine mwaka 1999, nafasi 500 tu kwa mwaka kwa hospitali za maeneo yenye shida, nayo ikafa 2009. Njia kuu iliyobaki ni ukaazi wa kudumu, yaani green card, wa kundi la EB-3. Wizara yao ya Kazi ilishaamua kwamba wauguzi waliosajiliwa hawatoshi, na kwamba kumwajiri mgeni hakumdhuru mwenyeji. Hivyo mwajiri anaruka hatua ya kuthibitisha kwamba amemkosa Mmarekani. Kinachombana ni kiwango cha mshahara wa eneo: haruhusiwi kushuka chini yake, na lazima abandike tangazo kazini ili wafanyakazi wake wajue. Viwango hivyo viko wazi kwenye tovuti ya wizara hiyo, eneo kwa eneo, kwa ngazi nne. Ukipewa ofa, tafuta mji wako humo ulinganishe. Hiyo ni kazi ya robo saa, na sijui kwa nini watu hawaifanyi.

Foleni ya EB-3 nayo hutangazwa kila mwezi katika taarifa ya viza ya Wizara yao ya Mambo ya Nje. Tarehe inayoonekana humo mara nyingi iko nyuma kwa miaka miwili na zaidi. Na kwa sisi kuna kubwa zaidi: Desemba 2025 Marekani iliiingiza Tanzania kwenye nchi zenye vizuizi vya viza, zikiwemo za wahamiaji, kuanzia 1 Januari 2026. Mtihani wa leseni ya uuguzi ya Marekani, NCLEX, ukiufaulu ni mali yako, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini kumpa mtu hela za "kuharakisha green card" wakati huu, hapana, mwanangu.

Angalia pia nani mwingine yuko njiani

Ufilipino ni darasa. Marekani ilipopanua viza za wauguzi kuanzia 2000, vijana wa Ufilipino walikimbilia vyuo vya uuguzi, wengine wakiacha kozi nyingine kabisa. Wachumi Caroline Theoharides na Paolo Abarcar walipiga hesabu: kwa kila muuguzi mmoja aliyeondoka, wapya wapatao 9 walipata leseni. Ndiyo maana wanaosema "mkiondoka mtaua nchi" hawana picha nzima. Lakini kuna upande wa pili: viza zilipobanwa baadaye katika muongo huohuo, maelfu walibaki na leseni bila kazi. Wapo waliofanya kazi hospitalini bila malipo ili wapate uzoefu, na wapo waliolipa hospitali wapokelewe.

Hapa Dar neno "kujitolea" halihitaji maelezo. Wodi ina muuguzi mmoja na wagonjwa wamejaa hadi sakafuni, na nje getini wapo vijana wenye diploma wanaosubiri tangazo la Ajira Portal. Upungufu tunao, wahitimu tunao, kinachokosekana ni fungu la mishahara. Kwa hiyo ukichagua mafunzo ya kujiongezea, chagua yale yanayouzika pande zote mbili: ICU (wagonjwa mahututi), chumba cha upasuaji, usafishaji wa damu, watoto njiti. Mlango wa nje ukifungwa, hospitali za Upanga na Mikocheni bado zitakugombania. Ukisomea "uuguzi wa kwenda nje" tu, umeweka mayai yote kwa balozi asiyekujua.

Mkataba: soma sehemu ya kuondoka kwanza

Binti mmoja wa Temeke alinifuata kantini na mkataba wake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula. Nisomee hapa kwanza, wanataka nisaini leo."

Nikamwambia kinachotaka kusainiwa leo ndicho cha kusomwa kesho. Tukaagiza wali maharage, tukaanza. Kurasa za mbele zilikuwa tamu: mshahara kwa saa, tiketi, mwezi mmoja wa nyumba. Tukaruka hadi sehemu inayoeleza nini kitatokea ukiacha kazi. Hapo lugha ikabadilika. Lazima atumikie miezi 36. Akiondoka kabla, atalipa "gharama zote za uajiri na hasara", bila kutaja kiasi. Kituo cha kazi ni "popote atakapopangiwa na kampuni". Na miezi 36 inaanza kuhesabiwa baada ya kutimiza saa kadhaa za kazi, siyo siku ya kufika. Nikamchorea kwenye tishu: ukiumwa, ukijifungua, hospitali ikikosa zamu, saa hazitembei. Miezi 36 inaweza kuwa miaka minne na ushee.

Alinyamaza, akakuza herufi kwa vidole viwili, akasoma tena mwenyewe.

Mikataba ya namna hiyo imewahi kufika mahakamani. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho huko New York iliamua kesi ya wauguzi wa Kifilipino waliokuwa wamewekewa faini ya dola 25,000 wakiacha kazi mapema. Jaji alisema faini ile haitekelezeki, na kwamba kuwatishia nayo kulivunja sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu. Waliposhinda walikuwa wameshapitia miaka ya shida, kwa hiyo usiende ukitegemea jaji. Lakini kaa ukijua kwamba karatasi kuwa na saini yako hakuifanyi kuwa Msahafu.

Tulimwandikia wakala maswali matatu, kwa baruapepe, maana simu haiachi ushahidi: kiasi kamili nikiondoka mapema ni kipi, na kinapungua vipi kadiri ninavyotumikia? Hospitali ni ipi, mji gani? Saa za chini kwa wiki ni ngapi, na kama hazipo nalipwa? Hakujibu. Binti akamtumia WhatsApp, zikatokea tiki mbili za bluu, kimya. Sasa yuko kwenye kozi ya ICU na anaomba kazi mwenyewe, bila mtu wa kati.

Hesabu ya mkononi

Usianze kwa kuzidisha kwa shilingi. Utalewa. Paundi utaipata kule na utaila kulekule. Muuguzi aliyeanza NHS, yaani hospitali za serikali ya Uingereza, katika bendi 5, England, mwaka wa 2025/26, alilipwa paundi 31,049 kwa mwaka. Toa kodi, bima ya taifa na pensheni, mkononi unabaki na karibu paundi 2,000 kwa mwezi. Chumba cha kuchangia nyumba nje ya London kitakula 500 hadi 700. Weka usafiri, chakula, joto la nyumba wakati wa baridi (wadogo zangu, kile kipasha joto ni mtoto mchanga, kinakula usiku na mchana), halafu ndiyo uanze habari ya kutuma nyumbani. Inabaki hela nzuri bado. Ila siyo ile ya kwenye tangazo, na shangazi wa Kimara aliyeshapanga ujenzi aelezwe mapema.

Saudi Arabia mshahara haukatwi kodi na nyumba mara nyingi ni ya mwajiri, ndiyo maana wenye lengo la kujenga haraka huenda huko kwa mkataba wa miaka miwili. Lakini ukaazi wa kudumu usiutarajie.

Karatasi, kwa kifupi

Kila nchi itataka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania lithibitishe usajili wako, kwa hiyo majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, leseni na pasipoti yafanane herufi kwa herufi. Uingereza: mtihani wa Kiingereza, yaani IELTS ya alama 7, uandishi 6.5, au OET. Kisha mtihani wa kompyuta wa paundi 83 na ule wa vitendo wa paundi 794 unaofanyikia kulekule. Saudi: uhakiki wa vyeti wa DataFlow na mtihani wa Prometric. Ujerumani: Kijerumani hadi kiwango cha B2, na Goethe-Institut iko hapohapo Upanga, jipe muda, lugha ile haina njia ya mkato. Kama una cheti tu, panda diploma kwanza.

Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza inaifuata: waajiri wao hawaruhusiwi kuja kutafuta wauguzi hapa. Wewe binafsi unaruhusiwa kuomba moja kwa moja. Kwa hiyo mtu aliyekodi ofisi Kariakoo akisema ametumwa na NHS kukusanya wauguzi wa Tanzania, huhitaji kumchunguza zaidi. Kwa nchi nyingine, wakala wa ajira lazima awe na leseni chini ya Kamishna wa Kazi. Mwombe aionyeshe, kisha uende ukaiulizie mwenyewe.

Hata usipoondoka

Dar nasi tuna wauguzi wageni, hasa hospitali binafsi: Wahindi, Wakenya, Wafilipino wachache. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi ile. Kama unafanya kazi na mgeni kwenye ICU, uliza mpango huo kwa jina lako: nani anafundishwa, lini atashika nafasi? Wengi wanabaki kunung'unika kwamba sista wa Kihindi analipwa zaidi, na yeye anaondoka na ujuzi wake bila kuulizwa kitu. Naye, nikumbushe, ni mtu aliyeacha watoto kwao kama utakavyoacha wewe.

Na soko la nje linakupandisha thamani ukiwa hapahapa. Hospitali ikimpoteza muuguzi mzoefu wa chumba cha upasuaji, mbadala wake huchukua miezi mingi kuiva. Matroni anajua. Ukishakuwa na IELTS na ofa halali mkononi, nenda kaongee naye kwa adabu kuhusu posho, kozi na zamu, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Wengine wamebaki kwa mazungumzo ya nusu saa tu.

Ukiondoka, usiiache leseni ya Baraza ife. Iweke hai kutokea hukohuko, na kila unapomaliza kituo cha kazi chukua barua yenye tarehe, wodi na majukumu, yenye muhuri. Ukirudi na kumbukumbu tamu pasipo barua, utahesabiwa kama umetoka likizo ndefu na utaanza ngazi ya chini kwa mtu uliyemfundisha kutoa sindano.